Kikuku cha Makolokolo

Aliyenifanya fundi wa vito ni muuza mafuta ya taa wa Shimanzi, na mpaka leo sijamshukuru. Alikuwa na pipa lake nyuma ya magodauni, pale malori yanapogeuzia, na mafuta yake yalikuwa rahisi kuliko ya mtu yeyote kisiwani. Sisi tukadhani ni huruma. Kumbe alikuwa akiyachanganya na petroli. Asubuhi moja nikawasha stovu nipike chai, na stovu ikalipuka. Nilitoka hai, namshukuru Mungu, na mkono wa kulia nikatoka nao mzima. Wa kushoto ulipopona, vidole vyake vya mwisho vilikuwa vimeshikana kama ndizi pacha, na hofu ya moto ilikuwa imeingia mwilini mwangu ikakaa kama mpangaji asiyehama.

Mwanangu aliposikia ninaandika mambo haya aliniomba nisitaje jina la mtu. Vizuri, sitaji. Lakini mlango wa mtu si jina, na vazi lake si jina, na mwenye kujijua atajijua.

Wa pili wa kunifanya fundi ni mume wangu. Alikuja hospitali, akautizama ule mkono, akasema, "Ngoja nikakutafutie dafu." Yuko Mbaraki mpaka leo akilitafuta hilo dafu, na wa kumsaidia kutafuta alimpata upesi.

Kabla ya hapo nilikuwa nikifua na kupika majumbani mwa watu. Kufua kwa mkono mmoja na nusu si kazi, ni mashindano, na kupika nimeshaeleza. Basi mwanzoni mwa miaka ya tisini nikajikuta nafagia duka moja la vitu vya kale Ndia Kuu. Mwenyewe alikuwa akiuzia watalii makasha, mabuli na mataa ya zamani. Vidude vidogo hakuvitaka. Chini ya rafu zake nilikuwa nazoa funguo zisizo na kufuli, sarafu za kale zenye tundu katikati, magurudumu ya saa, vifungo vya makoti, nusu ya kipuli, mkia wa mkufu. Akaniambia, "Tupa takataka hizo."

Sikuzitupa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetupwa juzijuzi, sikuwa na moyo wa kumtupa mwenzangu.

Nyumbani nikavisugua kwa ukwaju na jivu, nikavipanga juu ya kanga, na vilipong'aa nikaona havifai kukaa kwenye bakuli. Nikachukua mkufu wa saa ya mfukoni, nikauzungusha mkononi, kisha nikaanza kuning'iniza kimoja kimoja: ufunguo, sarafu, gurudumu, kifungo. Kila kidude na pete yake ndogo ya waya. Ukitikisa mkono, mkono unasema. Nilikitikisa kikuku changu hicho jioni nzima kama mtoto aliyepewa njuga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu moto, na nilikuwa nacheka peke yangu chumbani, jirani akagonga ukuta kuuliza kama niko mzima.

Nikaenda nacho kazini mkononi. Mwanamke mmoja mgeni alikinunua palepale, kikatoka mkononi mwangu nami nimesimama na ufagio. Nikatengeneza cha pili. Mwenye duka alipoona wageni wanapita rafu zake wanakuja kwa mfagiaji, akanifukuza. Huyo ni wa tatu, na duka lake lilikuwa na kibao cha kijani.

Hatua chache kutoka pale kulikuwa na sonara mmoja mzee, mtafuna tambuu, mwenye baraza pana la mawe nje ya mlango wake. Nikamwomba nikalie pembeni. Akaniuliza, "Unafanya nini?"

"Vito, baba."

"Moto wako uko wapi?"

"Sitii moto. Nafungua na kufunga tu, kwa koleo na waya."

Akatema tambuu kwenye mkebe wake, akacheka mpaka kofia ikateleza. "Fundi asiye na moto. Hata muuza mishikaki ana moto, mwanangu. Haya, kaa. Nipate cha kuchekea."

Na kweli alipata. Kila aliyekuja kwake kutiwa jiwe kwenye pete alionyeshwa mimi: "Huyo pale ni fundi wa baridi." Lakini hakuna siku aliyonidai kitu kwa kukalia baraza lake, na nilipokosa waya alinirushia kipande bila kunitizama, kama mtu anayemrushia paka dagaa.

Utaratibu wangu ulizaliwa na woga, sioni haya kusema. Sonara akipata kipuli cha zamani hukikata, hukiyeyusha, hukimimina, kikawa kitu kingine. Mimi siwezi kukaa na moto chumba kimoja. Kwa hivyo sikati, sitoboi, siyeyushi. Natafuta tundu kitu kilichozaliwa nalo, napitisha pete ya waya, naifunga. Kisicho na tundu nakifumia waya kiunoni, kama ushanga. Nikikifungua, kinarudi kama kilivyokuwa mchana ule kilipotoka kwenye kasha la mwenyewe.

Wanawake wa mjini mwanzo walinicheka. Walivipa vikuku vyangu jina: vikuku vya makolokolo. Kisha mmoja wa Kibokoni akaleta kifungo cha koti la babake, ufunguo wa nyumba waliyoiuza, na herini moja iliyompoteza mwenzake harusini. Nikamfungia. Akakivaa kwenye maulidi, na kila aliyemuuliza akawa na hadithi ya kumpa, ya babake, ya nyumba, ya herini. Wiki iliyofuata baraza lilijaa wanawake wenye vitambaa vimefungwa fundo, na ndani ya kila fundo kitu kisichofaa kitu. Jina la makolokolo likabaki, ila sasa walilitaja kama unavyotaja jina la hariri.

Ndipo akaja wa nne, na huyu ndiye ninayemwandikia hasa.

Tumwite shangazi, kwa kuwa alikuwa shangazi wa bibi harusi. Mlango wake una misumari ya shaba na kufuli kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Harufu ya udi wake hufika kabla yake, na ikifika watu hukaa vizuri. Siku hiyo alifika na makopo mawili ya biskuti, yale ya bati ambayo hakuna nyumba isiyokuwa nayo, yamechakaa ubavuni mpaka rangi imetoka, tofauti yao ni vifuniko tu. Kimoja kilikuwa na picha ya farasi, kingine maua.

"Wewe ndiye wa makolokolo?"

"Ndiye mimi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiza vizuri, sipendi kusema mara mbili. La farasi ni la kusafisha tu. Lisugue, usifungue hata pete moja. La maua ni vitu vya marehemu mama yangu, vimevunjikavunjika. Hivyo vifungue utakavyo, umtengenezee binti yetu kikuku. Nakitaka kabla ya siku ya kutolewa nje."

Kutolewa nje, kwa asiyejua, ni siku bibi harusi anapambwa akakalishwa mbele ya wanawake wa mji wamwone. Hiyo nilikuwa naijua. Lililonipita ni jingine, nitalisema likifika.

Nikafungua kopo la maua. Ndani mlikuwa na vito vya fedha vya kale, vyeusi kwa kukaa: vipuli, kipini cha pua, samaki mdogo wa mkufuni, mtungi mdogo wa wanja, njuga za miguuni zilizoshikana mbili mbili. Kila kimoja kilikuwa kimefungwa uzi. Huu mwekundu, huu kijani, huu wa zambarau na mweupe. Nikaona si kawaida. Wala havikuwa vimevunjika sana. Sikutaka kubahatisha, nikaenda mpaka chini ya dirisha la nyumba ile nikapiga hodi.

Shangazi akachungulia juu, mikono imejaa hina ameiinua kama mtu aliyekamatwa. Nyuma yake nikamwona binti mwenyewe, bibi harusi, amekaa anapuliziwa miguu.

"Shangazi, vitu vya kopo la maua vina nyuzi za rangi. Nifanye nini nazo?"

"Nyuzi?"

"Ndiyo. Kila kitu na uzi wake."

"Si utoe? Kwani wataka kumvisha mtoto wa watu mabaki ya cherehani?" Wanawake waliokuwamo wakacheka. Akafunga dirisha kwa kiwiko.

Nikarudi barazani nimekasirika. Nikatoa nyuzi zote kama nilivyoambiwa. Lakini kwa ukaidi, kwa sababu ya kile kicheko, nikazisuka pamoja nikafanya kishada kidogo, nikakining'iniza kwenye kifungio cha kikuku. Mabaki ya cherehani, haya. Na kikuku chenyewe, nisijisifu, kilitoka kizuri hata sonara akaacha kutafuna. Samaki katikati, njuga pembeni, mtungi wa wanja na vipuli vikipishana kimoja kirefu kimoja kifupi, na kipini kimefumiwa waya juu kabisa, kinameta. Sonara akakishika, akakisikiliza sikioni, akasema tu, "Kina mdomo."

La farasi nililisafisha mpaka nikauona uso wangu humo. Nikastaajabu kidogo, maana vitu vyake ndivyo vilivyokuwa vimevunjika kweli: nusu ya kipuli, pete iliyopasuka, kipande cha mtali wa mguuni. Nikasema moyoni, watu wakubwa na mambo yao. Kikuku nikakifunga kitambaani, kikarudi kwa mwenyewe pamoja na makopo.

Siku ya kutolewa ilifika. Baada ya alasiri nimekaa namenyana na mkufu uliojifunga fundo, nikasikia udi. Nikainua kichwa. Shangazi anakuja Ndia Kuu mbio, buibui linapepea, na nyuma yake mashangazi wengine na majirani wa kutosha kujaza uchochoro.

"Huyo hapo," akasema. "Mwizi. Vito vya watu ameviyeyusha."

Koleo likaniponyoka.

Sasa ndilo lile lililonipita. Kwao bibi harusi hapambwi kwa vitu vya nyumba yake peke yake. Kila shangazi, kila jirani mwenye kitu cha bibi yake hukiazimisha, binti apambwe na mji mzima, na kila mwenye kitu hukifunga uzi wa rangi yake kisije kikachanganyika, kesho yake kirudi kwake. Mimi nimezaliwa Kaloleni, kwetu sikuwahi kuona mambo ya uzi. Kopo la vitu vya kuazima ndilo lililopaswa kuwa na farasi. Shangazi alikuwa ameyafungua yote mawili nyumbani, akahesabu, akayafunika, na vifuniko vikapishana mikononi mwake. Alipofungua la farasi ampambe binti, akakuta nusu ya kipuli inang'aa kama jua. Na alipotoa kikuku kwenye kitambaa, jirani mmoja akakiona kishada akasema, "Mbona uzi wangu wa kijani huo?"

Hayo yote nayasema sasa kwa utaratibu. Pale barazani yalikuja kwa kelele, kila mdomo na kipande chake.

Sonara akatoka mlangoni. Moyo wangu ulikuwa kwake yeye, si kwa shangazi. Mwizi hakai kwenye baraza la sonara hata dakika moja, hiyo inajulikana, maana nani tena atamletea dhahabu yake? Nikiondoshwa pale nilikuwa sina pengine. Kufua nisingeweza, kupika nisingethubutu, na dafu la Mbaraki halikuwa limefika.

Akatafuna kwanza. Kisha akasema, "Kuiba sijui. Lakini kuyeyusha, mama, huyu hata kibiriti akiwashiwa hukimbia. Hata chai yake namchemshia mimi mwenyewe." Wanawake wakatizamana. "Nendeni naye juu kwa bibi harusi, mukaangalie. Kama kuna kitu kimekatwa, asirudi hapa."

Nikaokota koleo nikawafuata. Miguu ilipanda ngazi za nyumba ile kwa hasira.

Juu, bibi harusi alikuwa amekaa katikati ya mkeka, amevishwa nguo, masikio matupu, shingo tupu. Kikuku kilikuwa kwenye sinia mbele ya somo yake, yule mama mtu mzima aliyekuwa akimfunza mambo ya ndoa. Somo akaniambia, "Haya, mwanangu. Tuonyeshe ulichokifanya."

Nikakaa mkekani. Nikashika kikuku kwa ule mkono wa ndizi pacha, nikatia koleo kwenye pete ya kwanza ya waya, nikaifungua. Kipuli kikaanguka kiganjani. Nikakipangusa, nikakiinua.

"Cha nani hiki?"

Mwanamke mmoja akakichukua, akakigeuza, akakipeleka dirishani kwenye mwanga, akapitisha ukucha pembeni. Wote wakamngojea.

"Kizima," akasema. "Ila sikujua kama ni cha fedha. Miaka yote nadhani ni cha bati."

Hapo mmoja akacheka. Nikafungua njuga. Ikawa balaa nyingine, kwa sababu njuga zote zafanana, na wawili wakaidai moja.

"Yangu hiyo."

"Yako wapi? Yako haikuwa na ulimi, ilikuwa bubu kama mumeo."

"Bora bubu wangu kuliko kasuku wako. Lete." Akaichukua, akaitafuta kwa kidole, akatuonyesha kibonyeo kidogo. "Jino la mwanangu hili, la kwanza kabisa kuota. Aliing'ata nikampiga, akaing'ata tena."

Mwenzake akaichunguza, akakubali, wakaanza kuulizana huyo mtoto yuko wapi siku hizi. Chumba kikalegea. Shangazi peke yake ndiye aliyebaki amesimama mlangoni.

"Hata kama," akasema. "Nani alimwambia atoe nyuzi?"

Bibi harusi hakupaswa kusema siku ile. Mtu hukaa macho chini, mdomo umefungwa, ndiyo adabu yake. Lakini akainua uso kidogo tu, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe, shangazi. Ulimwambia dirishani. Nilikuwa hapo."

Mmoja akajifanya anatafuta kiatu.

"Na naomba," binti akaendelea, maana alikuwa ameshaharibu adabu, "asifungue tena. Nataka kukivaa hivyo hivyo."

"Vipuli ni vya masikioni, mwanangu," mmoja akasema.

"Si mumeniazima nivae? Nitavaa. Vyote vitakuwa mkononi."

Wakamgeukia somo. Somo akakaa akifikiri, akanyoosha kanga yake magotini. "Vimeazimwa avae," akasema. "Hakuna aliyesema wapi." Akaniangalia. "Virudishe."

Nikarudisha kipuli, nikarudisha njuga yenye jino. Wakati huo mikono yangu ilikuwa imetulia kama ya sonara. Walimvisha dhahabu ya kwao shingoni na masikioni, na kikuku mkono wa kulia. Walipomtoa, ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza, ndipo alipoinua mkono kutengeneza ukaya uliomfunika kichwa, na kikuku kikasema. Wanawake wakaanza kunyoosha vidole: samaki wangu yule, mtungi wa bibi yangu ule, aa, kipini changu kiko juu ya vyote. Yule wa uzi wa kijani alipiga kigelegele peke yake kabla ya wakati. Mimi nilikuwa nimebanwa nyuma karibu na sinia za sambusa, na nilikula nyingi.

Kesho yake nilikaa mkeka uleule nikakifungua chote, kitu kimoja kimoja, kikaenda kwa mwenyewe na uzi wake. Walipoondoka, yule binti akanipa vile vipande vya bibi yake vilivyong'arishwa kwa makosa. Akaniomba nimfungie kikuku cha kubaki nacho. Nikamfungia. Nusu ya kipuli ikiwa peke yake ni taka, zikiwa pamoja ni mazungumzo.

Sonara alipewa habari zote kabla sijafika, Ndia Kuu haihitaji simu. Nilimkuta amesogeza kigoda chake ndani ili baraza lipate nafasi, kwa kuwa wale wanawake walikuwa wameshajipanga na mafundo yao. Alinung'unika kwamba sasa hata mlango wake hauonekani. Tangu siku hiyo hakuniita tena fundi wa baridi mbele ya wateja. Aliniita hivyo tukiwa wawili tu, tukinywa chai aliyoichemsha yeye.

Shangazi hakuniomba radhi. Alipopita alikuwa akitizama upande wa pili, akiuchunguza ukuta ambao haukuwa na kitu. Baada ya mwezi wa kufunga, siku ya Idi, akanitumia kopo la biskuti, bila salamu. Juu lilikuwa na kifuniko cha farasi. Nililiweka barazani tukalitizama, mimi na sonara.

"Fungua," akasema.

"Naogopa. Kwa nyumba ile hujui kilicho chini ya kifuniko."

Nikalitikisa kwanza. Lilikuwa na visheti. Nilivila vyote, na vilikuwa vitamu, hilo lazima nilikiri. Msamaha nilikung'uta kopo mpaka chini, sikuuona. Lakini kopo sikulirudisha. Ndilo ninalowekea pete zangu za waya mpaka leo, na kifuniko chake nimekifunga uzi mwekundu, kisije kikapotea njia.